Barua kwa mpwa wangu: ukiwaleta watoto Mwanza, anza na Igoma

Mpwa wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Nimefurahi kusikia kwamba likizo ya Desemba mnakuja Mwanza na watoto, na nimefurahi zaidi kwamba umeniomba niwapangie mahali penye kumbukumbu za nchi yetu. Nakujibu hadharani kwa sababu wageni wengi huniuliza swali hilo hilo, kisha wanaishia kupiga picha na Jiwe la Bismarck na kuondoka.

Bismarck ni pazuri, nendeni jioni. Mnara wa saa pale mjini nao una kibao kinachomtaja Speke, Mwingereza aliyeliona ziwa akiwa kilima cha Isamilo tarehe 3 Agosti 1858. Waeleze watoto kwamba siku hiyo mababu zetu walikuwa tayari wakivua humo na kuvuka kwenda Ukerewe. Dakika chache zinatosha hapo.

Igoma ndipo nataka mkae. Ipo kwenye barabara ya Musoma, daladala zinafika. Hapo ndipo walipozikwa wengi wa waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imeshakaribia Mwanza. Ilitoka Bukoba jioni iliyotangulia, ikapitia Kemondo kuongeza abiria na mizigo. Uwezo wake ulikuwa watu 430 hivi. Waliokufa hutajwa kuwa zaidi ya 800. Ilipopinduka haikuzama papo hapo. Watu walikuwa wakigonga kutoka ndani, waokoaji wakatoboa chuma ili wawatoe, hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, ikazama. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Mama wa ndizi, mwanafunzi anayerudi shule, kijana anayekwenda kutafuta kazi, wote walipanda bila kuandikwa popote. Ndiyo maana Igoma kuna watu wamelala na hakuna aliyeweza kusema ni nani. Kwangu mimi hakuna mnara mkubwa kuliko huo katika kanda yote hii. Kila tarehe 21 Mei familia hukusanyika pale kuomba dua na kusali. Nyinyi mtakuja Desemba, lakini makaburi hayana msimu. Nendeni na maua, na muwape watoto nafasi ya kuuliza.

Mkiwa na muda, vukeni hadi kisiwa cha Ukara, kijiji cha Bwisya. Kivuko MV Nyerere kilipinduka hapo tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kikiwa karibu kabisa na gati. Kilibebeshwa watu kupita kiasi kivuko kile cha abiria 101, na waliokufa ni 228. Miaka 22 baada ya Bukoba! Wasomee watoto tarehe zote mbili.

Kisha Kagera. Siku hizi safari ni nyepesi: mnapita daraja la Kigongo–Busisi, Sengerema, Geita, Chato, Biharamulo, mnaingia Muleba. Muleba msipite bila kufika Kaboya, walikozikwa askari wetu waliokufa katika vita dhidi ya Idi Amin. Makaburi yanatunzwa na jeshi, kwa hiyo omba ruhusa kwanza na usitoe simu kupiga picha kabla ya kuruhusiwa. Babu wa watoto aliisikiliza redioni hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, ile ya uwezo, sababu na nia. Wenzake wa rika lake ndio waliolala Kaboya.

Malizieni Kyaka. Majeshi ya Amin yaliingia Oktoba 1978, yakaishika ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, yakaua wananchi, yakapora mifugo na kuharibu kiwanda cha sukari. Daraja la Kyaka lililipuliwa. Gofu la kanisa lililopigwa mabomu bado lipo, limeachwa vile vile, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko sanamu yoyote ya shaba. Ukuta wenyewe unaonyesha kilichotokea; mtoto wa miaka tisa ataelewa bila wewe kufungua mdomo. Simameni pia darajani mtazame maji. Vijana wetu walivuka mto huo kurudisha ardhi yetu, na Aprili 1979 walikuwa Kampala.

Kurudi, msipite tena barabarani. Kama meli ya usiku ipo safarini wiki hiyo, pandeni Bukoba mshukie Mwanza, kwa njia ile ile ya MV Bukoba. Ukikata tiketi, simamia karani mpaka umeona kila mtoto ameandikwa kwa jina lake kamili, hata yule mdogo asiyelipiwa nauli.

Mjomba wako,
Mwanza