Risala ya kikundi cha magitaa kwa Mgeni Rasmi, uzinduzi wa albamu ya dada na kaka, Kiwalani, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wetu, Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, walimu, wazazi, majirani na wadau wote wa mziki, itifaki imezingatiwa. Wakubwa zetu shikamooni, na vijana wenzetu mambo vipi.

Mheshimiwa, kwanza ahsante sana kwa kuja, maana tunajua Jumamosi kwa diwani ni misiba, harusi na vikao, na bado ukasema hapana nitapita kwa hao vijana. Tumefurahi kiukweli.

Sisi ni vijana wa hapa hapa mtaani tunaojifunza gitaa kavu, lile ambalo wazee wetu wanaliita galatoni. Tunakutana jioni kwenye uwanja wa shule, mwenye gitaa anamwazima asiye na gitaa, anayejua anamfundisha asiyejua. Historia ya kikundi haina mengi zaidi ya hayo, tuje kwenye kilichotukutanisha leo.

Kuna watoto wawili wa nyumba moja, dada na mdogo wake wa kiume, wamemaliza albamu. Nyimbo zote wametunga wenyewe isipokuwa mmoja, na jina la albamu tumekubaliana watalitaja wao wakisimama hapa. Mziki wao sio singeli na sio bongofleva, na hatuna ugomvi na singeli mheshimiwa, tunaicheza vizuri tu, ila hawa ni magitaa mawili makavu na sauti mbili basi, hakuna ngoma wala kinanda. Wenzetu wa nje wanauita foku popu, nyimbo zenye mizizi ya kienyeji ila zimetungwa kisasa na kiitikio unakishika mara moja.

Tunaomba tueleze kidogo kwanini sisi tunawasikiliza hawa tofauti na watu wengine wawili wowote wanaoimba pamoja. Waliosoma kwaya hapa wanajua, sauti ya pili inafundishwa, dada akishika do mdogo anakaa mi, akipanda mi yule anaenda so, hiyo kila kwaya inafanya. Lakini watoto waliolelewa chumba kimoja wamejifunza kuongea kutoka kwa mama mmoja, kwahiyo irabu a ya huyu na a ya yule zinafunguka sawa, neno linaishia sehemu moja, hata pumzi wanavuta pamoja bila kupeana ishara. Sisi wengine tumejaribu kuimba sehemu ya mdogo mtu, noti tunazipata zote na bado haiwi vile.

Na hii kwetu sio ngeni. Bendi ya Simba Wanyika iliyotikisa Kenya na Afrika Mashariki nzima ilikuwa ya ndugu kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, walianzia Jamhuri Jazz pale pale Tanga, wakaenda Arusha, alafu mwaka 1971 wakavuka Mombasa. Ndugu, magitaa na Kiswahili. Huko Sweden nako kuna madada wawili, Klara na Johanna Söderberg, wanajiita First Aid Kit, albamu yao ya kwanza ya mwaka 2010 waliirekodi nyumbani kwao baba yao akiwa prodyuza. Hiyo habari ya kurekodi nyumbani ndio iliwapa hawa wetu moyo, kwasababu studio waliyoenda mwanzo jamaa aliwaambia sawa mziki mzuri ila ngoja niweke biti, wakasema hapana, akaweka, wakaondoka.

Basi wakarekodi kwao, hapa hapa Kiwalani, na mheshimiwa wewe unajua Kiwalani. Ndege zinashuka juu ya bati. Maiki nzuri haichagui, inachukua ndege, inachukua bodaboda, inachukua jirani anayegombana na mtoto. Ikabidi wafanye usiku wa manane, magodoro yamesimamishwa ukutani, vitenge na mablanketi ya mama yametundikwa mlangoni, friji imezimwa, feni imezimwa, na hiyo ilikuwa Februari, wenye Dar yao wanaelewa feni kuzimwa Februari maana yake nini. Jasho linaingia kwenye nyuzi, nyuzi zinateleza na kushika kutu mapema, unyevu unavimbisha mbao gitaa linatoka tyuni katikati ya wimbo. Alafu waliamua kuimba kwa pamoja wameangaliana, sio huyu arekodi leo yule kesho, kwahiyo mmoja akikosea neno la mwisho wote wanarudi mwanzo. Maiki ya gitaa hawakuielekeza kwenye tundu maana pale inavuma tu, waliiweka usawa wa freti ya 12, kile chuma cha kumi na mbili kwenye shingo ya gitaa, ndio maana ukisikiliza kwa hedifoni unasikia hadi kidole kinavyohama kwenye uzi. Sisi tulikuwepo baadhi ya usiku tukishikilia mablanketi, na tunasema kwa moyo wote kazi hii imefanywa kwa adabu kubwa.

Nyimbo zenyewe mtazisikia. Ule ambao hawakutunga ni wa bibi yao wa Uluguru, wa kubembeleza mtoto, wameuacha na Kiluguru chake na gitaa moja tu chini, na tunadhani ndio bora kuliko zote ingawa redioni hautapigwa sana. Kuna mwingine wa majirani wa Kipawa waliohamishwa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, hausemi nani alikosea, unataja tu nani alikuwa anakaa wapi, huyu na mwembe wake, huyu na genge lake. Kuna wazee hapa waliusikia juzi kwenye mazoezi wakaomba urudiwe.

Sasa maombi yetu mheshimiwa, na tunaomba yasiishie kwenye makofi.

Tunaomba utuombee darasa moja pale shule, jioni na wikiendi, tuligeuze chumba cha kurekodia kwa muda, mapazia na mikeka tutatafuta wenyewe. Kuna watoto wengine wanatunga na kwao hakuna hata mlango wa kufunga.

La pili, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, fungu la vijana ni asilimia 4, tumejaza fomu za kikundi ila tukifika ofisini tunaulizwa mradi wenu ni nini, tukisema kurekodi mziki wanacheka kidogo wanatuambia fugeni kuku. Kuku ni wazuri. Lakini maiki mbili na saundi kadi zinaingiza hela pia, kwaya zinarekodi, wenye harusi wanarekodi, walimu wanarekodi masomo. Tunaomba ukae nasi siku moja na afisa maendeleo ya jamii tumwonyeshe hesabu.

Na la tatu sio kwako peke yako ni kwa wote mliokaa hapa. Hawa wamejisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, na kazi zao wamezipeleka COSOTA wanaosimamia hakimiliki, kila kitu kiko kihalali. Albamu ipo kwenye flashi pale mezani mlangoni na kwenye simu inapatikana pia, ila tunaomba sana mtu mmoja asinunue alafu akawarushia magrupu yote ya WhatsApp, nunueni jamani, nyuzi seti moja Kariakoo mnajua bei yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba upokee nakala ya kwanza, na kwa heshima zote tunaomba uilipie, ili wengine wapate pa kuanzia. Dada mtu atakukabidhi, mdogo wake ameshika gitaa tayari, ukishakaa wataanza na ule wa Kiluguru.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi wote.