Kwa nini rangi ya modeli yako imetoka na chenga kama msasa

Kijana mmoja wa mtaa wa Langoni alituletea kwenye karakana yetu ya kupaka rangi modeli meli ya Titanic ya plastiki, kipimo cha 1/350 (ndogo mara 350 kuliko ya kweli), ndefu kama sentimita 77. Ni ya babu yake, serahangi (mkuu wa mabaharia) mstaafu. Kijana aliipuliza rangi mwenyewe kwa bunduki ya rangi ya kuazima, mchana, juu kwenye paa ambako kuna upepo mzuri. Ukiitazama kutoka mlangoni inapendeza. Ukipitisha kidole ubavuni, unahisi msasa.

"Fundi, hii rangi mbovu," akasema.

Tukafungua kichupa chake, tukaikoroga, tukapuliza kidogo kwenye kijiko cha plastiki. Ilikaa laini kama ganda la yai. Rangi haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa saa aliyopulizia, na upepo ule ule alioupenda.

Malalamiko haya tunayapata sana miezi ya kaskazi, kwa hiyo tueleze vizuri. Rangi ya akriliki tunayotumia kwenye modeli nyingi huyeyushwa kwa maji, na inaanza kukauka pale tu maji yanapoondoka. Eabrashi, ile bunduki ndogo inayoshikwa kama kalamu, huivunja rangi iwe matone madogo sana. Tone dogo hivyo likikutana na hewa ya moto na upepo, maji yake hutoweka njiani. Linapofika kwenye plastiki limeshakuwa vumbi. Vumbi juu ya vumbi ndiyo hizo chenga. Rangi hukauka pia kwenye ncha ya sindano ya bunduki. Rangi ikakatika, halafu ikatoka donge zima kwa mpigo mmoja.

Ndiyo maana hapa kwetu kazi ya rangi huanza baada ya sala ya alfajiri na kusimama saa tatu unusu hivi. Mteja akipita saa sita akatukuta tunakata na kusafisha vipande tu, asidhani kazi yake tumeiweka kando.

Tunaipunguza rangi mpaka iwe nyepesi kama maziwa: ukiitikisa kwenye kikombe, iteleze ukutani na iache utando mwembamba. Hatutumii maji ya kisima, kwa sababu chumvi yake hubaki kwenye rangi. Tunanunua maji ya betri, yale yaliyoondolewa chumvi. Siku za joto tunatia matone machache ya dawa ya kuchelewesha rangi kukauka. Presha ya hewa tunaiweka kati ya 15 na 20 psi (kipimo kinachosomwa kwenye geji ya kompresa), na ncha ya bunduki haiendi mbali na modeli zaidi ya upana wa kiganja. Rangi ikitua sawasawa utaiona inang'aa, mbichi, kwa sekunde chache, kisha mng'ao unafifia taratibu. Ikitua kavu bila kung'aa, tunasimama hapo hapo.

Tabaka moja nene haliwezi kufanya kazi ya matabaka matano membamba. Fikiria hivi: kwenye kipimo cha 1/350, mtu mzima ana urefu wa milimita 5. Rangi yenye unene wa milimita 0.2 tu, kwenye meli ya kweli ingekuwa sentimita 7. Hayo ni maplasta! Misumari, madirisha na kamba zote zinazama humo. Nyeupe ndiyo inayotutesa kuliko rangi zote, kwa kuwa haifuniki haraka na inakuvuta uongeze mkono. Sehemu za juu za Titanic ni nyeupe, na zilituchukua asubuhi tatu.

Masika yakiingia, shida hugeuka. Hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, na kompresa ikiibana, maji hujikusanya ndani ya tangi na kwenye mpira. Usipoyatoa, yanaruka pamoja na rangi na kuacha matone kwenye kazi iliyokuwa karibu kwisha. Tangi letu tunalimwaga kila asubuhi, na tumefunga kichujio cha maji karibu na bunduki. Msimu huo rangi pia huchelewa kukomaa, hivyo tunaiacha usiku mzima, wakati mwingine mbili, kabla ya kubandika teipu ya kugawa rangi. Modeli inalala ndani ya chandarua ili vumbi na wadudu wasiiguse. Ukiona tumekwambia siku tano badala ya tatu, sababu ni hiyo.

Sasa jambo linalotuumiza roho. Tafadhali usijaribu kuitoa rangi mbaya kwa thina ya mashua kabla hujatuletea. Thina kali hula plastiki. Kijana wetu wa Langoni aliijaribu kwenye kipande cha reli ya sitaha, reli ikapinda na kuwa laini kama ubani uliotafunwa. Ilibidi tuichonge nyingine kwa waya mwembamba. Na rangi za akriliki zenyewe hazifanani: ya kampuni ya Tamiya hukubali kupunguzwa kwa alkoholi, lakini ukiitia alkoholi hiyo kwenye ya kampuni ya Vallejo inaganda kama mtindi na kuziba bunduki. Kwa hiyo njoo na chupa zako, hata zikiwa tupu, tujue kilichopakwa chini.

Njoo pia na sanduku na karatasi ya maelekezo. Modeli usiipake mafuta wala usiifute kwa kitambaa chenye nta. Tutaiosha wenyewe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana plastiki mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuinasua kwenye kalibu, na vidole vyetu huongeza jasho na chumvi. Praima, ile rangi ya kwanza ya kushikiza nyingine, haishiki juu ya hayo. Rangi nyingi inayobanduka na teipu, hapo ndipo ilipoharibikia.

Titanic imerudi kwa mwenyewe. Mzee alikuja kuichukua mwenyewe, akaipitisha kidole gumba ubavuni mara mbili, polepole, kama mtu anayekagua mbao za jahazi kabla halijatiwa kalafati.

Ukiwa na yako, ilete asubuhi kabla ya saa tatu, ili tupulize kijiko mbele yako na ukubali rangi kwa macho yako kabla hatujagusa modeli.