Barua kwa mwanangu: mali inayoweza kukimbia na mwenyewe

Mwanangu,

Habari kwamba umekabidhiwa vijana 24 wa kujitolea huko Kalehe, Kivu Kusini ya Kongo, nimezipata, na ratiba yenu ya mafunzo nimeisoma mara mbili. Siku 5, mada 17, zote ukumbini. Punguza, mama. Kwa mwendo huo kijana atarudi kijijini na daftari safi, na jirani akimwambia "basi nionyeshe", hataweza kuonyesha hata kimoja.

Mimi ningebakiza mambo matatu: kupima mbegu, kufuga simbilisi, na kuendesha sanduku la akiba. Watu wa huko wameshakimbia vita na kurudi zaidi ya mara moja. Ng'ombe ndiye wa kwanza kuporwa, mbuzi anafuata. Kwa hiyo kila kitu unachotaka kuwapa, kiulizie hivi: wakilazimika kuondoka leo usiku, kitaondoka nao, au kitabaki salama kikiwasubiri? Muhogo hupendwa vitani kwa sababu hiyo, unakaa ardhini miezi mingi bila kudai mvunaji.

Anza na mbegu. Maharagwe ya msimu A, yaani msimu wa kwanza wa kilimo, hupandwa kuanzia katikati ya Septemba mpaka katikati ya Oktoba, kwa hiyo kipimo kifanyike mwishoni mwa Agosti, kukiwa bado na nafasi ya kubadilisha gunia bovu. Kila kijana ahesabu punje 100, azipange kumi kumi kwenye kitambaa chenye unyevu, akiviringishe na kukiweka kivulini ndani ya nyumba. Anyunyize maji asubuhi na jioni. Siku ya saba afungue ahesabu zilizotoa mzizi na chipukizi vyenye afya. Zikifika 85, panda kama kawaida. Zikiwa kati ya 60 na 84, ongeza mbegu shambani. Chini ya 60, hayo ni maharagwe ya sufuria.

Makosa utakayoyaona ni mawili. La kwanza, kijana analowesha kitambaa mpaka kinachuruzika. Punje zinakosa hewa, zinaoza, naye anaandika kuwa mbegu ni mbovu. Mwambie akikamue mpaka kiache kudondosha. La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani: anachagua punje nzuri nzuri. Hakuna aliyemtuma, mkono wenyewe unavutwa na punje inayong'aa. Mfundishe kuingiza mkono juu, katikati na chini ya gunia, achanganye kwenye ungo, kisha ahesabu mia za kwanza bila kuruka hata iliyotobolewa na wadudu.

Hesabu ya mgao nayo waijue kwa kichwa. Maharagwe mafupi yanataka karibu kilo 80 kwa hekta, hivyo kilo 10 mnazompa mama mmoja zinatosha kama hekta 0.125, yaani mita 50 kwa 25. Lakini nyumba yenye njaa italipika gunia hilo, na huwezi kuilaumu. Mbegu igawiwe siku moja na chakula, au isigawiwe kabisa. Kumpa mtu mbegu leo na unga baada ya wiki tatu ni kumgawia kitoweo.

Baada ya mavuno, waonyeshe bidoni, yaani dumu, ya lita 20. Maharagwe yakaushwe mpaka punje iking'atwa ipasuke badala ya kubonyea, yajazwe hadi shingoni, bidoni itikiswe ijazwe tena, kifuniko kikazwe kabisa. Fukusi waliomo hufa kwa kukosa hewa. Ikijazwa nusu, hewa iliyobaki inawatosha kuzaana. Tena bidoni hubebeka mgongoni au huzikwa nyuma ya nyumba.

Simbilisi, ambao wengi huko Kivu wanawaita kobayi, najua kuna watakaocheka. Waache wacheke. Ni mnyama anayeishi jikoni, barabarani haonekani, na familia ikihama anaingia kwenye kikapu chenye kifuniko. Jike hubeba mimba siku 68 hivi na kuzaa watoto wawili au watatu, ambao hutoka na manyoya yao, macho wazi. Dume 1 na majike 5 wanatosha kibanda cha mita moja kwa mita moja. Sakafu iwe kavu, maana unyevu unawaua, na kuta zizuie panya.

Mnyama huyu, kama sisi binadamu, hatengenezi vitamini C mwilini mwake. Ukimlisha pumba na maganda makavu tu, viungo vinavimba, anadhoofu, anakufa, na watu wanasema amerogwa. Majani mabichi kila siku, yasiwe na umande. Yaanikwe kidogo yanyauke kwanza. Majani ya viazi vitamu sawa, ya viazi mviringo hapana, yana sumu. Wakifika wiki tatu, madume wachanga watengwe, kwani majike wanashika mimba mapema mno. Na dume abadilishwe na wa kijiji kingine kabla hajaanza kupanda mabinti zake. Kazi hii ya kubadilishana madume wape vijana wako; ni sababu nzuri ya wao kutembeleana kutoka kijiji hadi kijiji bila kuitisha "mkutano wa amani".

Sanduku la akiba. Huko linaitwa AVEC, kifupi cha Kifaransa cha chama cha kijiji cha akiba na mikopo. Tanzania wangekuambia kikundi cha kuweka na kukopa. Njia yenyewe ilianzia Maradi, Niger, mwaka 1991. Watu 15 hadi 25 waliochaguana wenyewe, si waliopangwa na shirika. Kila kikao mtu ananunua hisa 1 hadi 5. Hisa ikiwa franka 500, hakuna anayepita 2,500. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mwenyekiti asiwe mmoja wao, wala mtunza sanduku.

Kijana wako asiwahi kugusa pesa. Kazi yake ni kukaa kando na kusikiliza. Mwisho wa kikao wahesabuji wawili wanahesabu kwa sauti, kiasi kilichobaki kinatajwa, wote wanakikariri. Kikao kinachofuata, kabla kufuli halijafunguliwa, kila mtu anaulizwa kilikuwa kiasi gani. Bibi asiyejua kusoma anakuwa mkaguzi wa hesabu. Kikundi kinachoruka hatua hiyo kwa sababu "katibu ameandika" kina miezi michache tu ya uhai.

Mahali penye watu wenye silaha, sanduku lililojaa ni mwaliko. Pesa iende mikononi mwa wakopaji kikao kile kile, sanduku lirudi nyumbani na vijitabu na mihuri. Mzunguko ufungwe mwishoni mwa Agosti, kabla ya karo na mbegu. Ukifungwa Desemba, pesa inaishia kwenye nguo za sikukuu. Na mfadhili akitaka kuongeza mtaji, mwombeni anunue kufuli. Pesa ya mgeni ikiingia, watu huacha kurudisha hata ya jirani.

Migomba usiiguse mpaka uwe umejua ardhi ni ya nani kwa namna gani. Mwenye kalinzi, yaani haki ya kimila ya kudumu, anaweza kupanda mgomba. Aliyekodishiwa kwa bwasa, yaani kwa muda mfupi, anaruhusiwa mazao ya msimu tu. Ukimpa huyu wa bwasa machipukizi ya migomba akayapanda, mwenye ardhi ataona anajitwalia shamba, na msimu ujao atamtoa. Chefu wa kijiji aulizwe, na majirani wa pande zote nne za shamba.

Hata pasipo kupanda, vijana wako wataingia migombani, nao watashika panga. Mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001 na kushuka mpaka huko kwenu. Panga lililokata shina gonjwa hubeba ugonjwa hadi shamba la pili. Wakipita nyumba kwa nyumba "wakisaidia" kupogoa kwa panga moja, wataambukiza migomba ya kijiji kizima ndani ya wiki. Panga lichomwe motoni mpaka lishindwe kushikika kabla ya kuhamia shina lingine. Ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, sio kwa kisu. Shina gonjwa likatwe usawa wa udongo, peke yake. Kung'oa kundi zima la mashina ya mgomba mmoja ni kazi ya siku nzima, na wakulima wakilazimishwa hivyo huficha ugonjwa.

Muhogo mchungu uloweke siku tatu kamili. Wakati wa kukimbia watu hulowesha siku moja, na miguu ya watoto inapooza kwa konzo, ugonjwa unaoletwa na sumu ya muhogo.

Daftari la vijana liwe na namba badala ya majina, na kabila lisiandikwe popote. Kwenye barieri, yaani kizuizi cha barabarani, orodha ya waliopokea mbegu inageuka orodha ya wa kuporwa. Shamba lililoachwa muda mrefu, lisilimwe kabla wenyeji hawajasema ni salama. Wakiona chuma wasichokijua, wasimame, warudi kwa kukanyaga nyayo zao wenyewe, wamzuie mwingine asipite.

Kuhusu siku zako 5: asubuhi zote muwe shambani na majumbani, vijana wanne wanne, mmoja anafanya na watatu wanatazama. Kila mmoja afanye mara tatu mbele yako. Kisha ndani ya siku saba amfundishe jirani mmoja, nawe ukamwulize yule jirani, si kijana. Rudi tena baada ya wiki sita. Kitambaa kinachochuruzika maji utakikuta kimerudi.

Pikipiki ikija kuchukua mbegu, mwambie dereva asifunge gunia pamoja na bidoni ya petroli. Mbegu zilizolowa petroli hazioti, na hutalijua hilo mpaka Oktoba.

Papa yako