Hamira iliyogandishwa ndani ya punje ifike maabara za shule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri walimu wa sayansi wa Dar es Salaam. Seli za hamira zina kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) cha invatesi, kinachovunja sukari ya kawaida kuwa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, lakini zikimwagwa ndani ya maji hutawanyika, na kuzichuja ni kazi ngumu. Zikikorogwa na aljineti ya sodiamu, kitu cha utelezi kitokanacho na mwani wa kahawia, kisha zikadondoshwa kwa bomba la sindano katika maji ya kloridi ya kalsiamu, kila tone huganda likawa punje laini, mithili ya kunde, inayoweza kusuuzwa na kutumika tena. Karajinani, yaani utelezi wa mwani wa kotonii, unaolimwa Zanzibar (na kuuzwa nje zaidi ukiwa mkavu!), nayo yaweza kushika nafasi ya aljineti, ila hugandishwa kwa chumvi ya potasiamu. Sioni sababu ya somo hili kuishia ubaoni.

Msomaji wako,
Ubungo, Dar es Salaam