Nitumie namba unayotumia sasa

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, alhamdulillah, isipokuwa Bi Mkubwa na magoti yake, unamjua. Wete joto tu. Hayo yatosha, kilichonileta ni deni lako unalonidai.

Kila nikikugusia unaniletea picha ya mtoto, au unaandika "tutazungumza". Hatuzungumzi. Dukani nimemaliza. Mwenye duka kalitoa lile daftari lake lililoliwa na mende, akaupiga mstari ukurasa mzima wa Baba Nassir: mchele, sukari, mchele, mafuta, mchele. Nikamwambia upige na wa nyuma yake. Kikoba nimerudisha. Yule wa Konde naye kishapewa chake, mdomo kaufunga, ingawa sijui kwa siku ngapi. Umebaki wewe.

Usidhani nimeokota. Ni karafuu. Kabla ya msimu alikuja mtu na fedha mkononi, anataka zote zikiwa bado mtini, na Baba Nassir alishaanza kulainika. Nikagoma. Anayenunua mtini anajua kama unadaiwa, bei anakupangia yeye. Tukachuma wenyewe, na wachumaji wawili wa kulipwa kwa pishi. Usiku tunachambua na watoto mpaka vidole vinawasha, mchana tunaanika, wingu likitanda mbio na majamvi ndani, maana zikirowa zinashuka daraja. Shirika la serikali linalonunua karafuu likazipokea daraja la kwanza! Hata makonyo, vile vikonyo vya karafuu, hatukuyatupa, yamekwenda kiwandani Wawi, na ndiyo yaliyomlipa fundi bati.

Wifi yangu kusikia tumepumua, kashakuja na habari ya sare za harusi, eti tukope kitambaa, tutalipa polepole. Nimemtilia chai, akanywa, akaondoka.

Narudi kwako. Najua utasema "acha, tumesameheana". Ukisamehe nitashukuru, wallahi, lakini sema kwa mdomo na mumeo asikie, kwa sababu najua fedha zile hazikuwa zako peke yako. Juzi Baba Nassir karudi maziko kanyamaza. Ndugu wa marehemu alisimama akauliza nani anamdai, na waliomfuata baadaye hawakuwa mmoja wala wawili, wengine hata karatasi hawana. Nani atabisha, na mwenyewe kashazikwa? Mjane mpaka leo anapokea wageni wa namna hiyo. Mimi sitaki Nassir afike huko kwa ajili yangu. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani ni hiyo ya kuandikiana deni, na sisi tulipeana fedha gatini Mkoani tukicheka, meli inapiga honi, hata shahidi hatukuweka. Kama wewe umeisahau hesabu, mimi ninayo.

Basi niambie, namba yako ni ipi sasa? Ile ya zamani kapokea mwanamme, kakata. Nikutumie zote pamoja au nusu sasa na nusu vuli ikijaaliwa? Mumeo anajua kwamba nilikukopa, au nikitaja nitakuharibia? Na mbona ulikuwa unakwepa, una dhiki ukaona haya kuniambia? Idi mnakuja? Ningekuletea karafuu za chai mwenyewe, lakini nisije nikakamatwa bandarini kwa magendo kwa ajili ya birika lako!

Nijibu leo, si kwa picha.

Mama Nassir
Wete