Nyumba za magome: Jumamosi tunaanza kuchonga

Assalaam aleykum, ndugu zangu.

Magome ya kuchongea vijumba vidogo yamefika. Ni ya kotoniwudi, mti wa Marekani Kaskazini. Gome la mti mkongwe huwa nene na laini kwa kisu, na wachongaji hulitoa kwenye mti uliokwisha kufa. Tafadhali msiibandue miti yetu iliyo hai. Ukivua gome kuzunguka shina lote, mti hufa.

Tukutane barazani Mkomani, baada ya swala ya alasiri. Njooni na kisu kifupi, patasi nyembamba, msasa, na glavu ya mkono unaoshika gome. Visu vinolewe nyumbani! Kisu butu hutaka nguvu, na gome ni la matabaka, likilazimishwa hupasuka. Punguza kidogo kidogo. Likianza kuchanika, geuza upande.

Paa la kijumba tutaliacha na ukwaruzo wa asili wa gome. Chini ya hapo buni utakavyo: ngazi zilizopinda, madirisha ya kombokombo. Mimi natamani sana kuona mlango wa nakshi wa Kilamu na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndani, hata ziwe ndogo kama kucha. Mafundi wa milango, hapo tunawategemea nyinyi.

Watoto wadogo watapiga msasa tu. Asiyeweza kuja aniambie, nitamwekea gome lake.