Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025 wa Umoja wa Wamiliki wa Shule Binafsi

Ndugu wanachama, wamiliki wenzangu, salaam.

Mwaka huu kamati tendaji ilikaa mara 4, mtihani wa ujirani mwema wa darasa la saba ulifanyika, bonanza la michezo lilifana, na tulimsitiri mwenzetu aliyetangulia mbele ya haki. Hayo mnayajua, siyarudii.

Fedha: tuko shule 41, ada ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 22, jumla 6,600,000. Wasiolipa ni 19, wanadaiwa 5,700,000. Kubwa katika matumizi ni shilingi 4,800,000, na ndizo zilizoleta maneno.

Inasemwa huko nje kwamba Mwenyekiti aliwanyima safari ya Zanzibar. Ni kweli fedha zilitengwa kwa safari. Februari, kwa pendekezo langu, kamati ilizihamishia kwenye unasihi, yaani ushauri nasaha kwa aliyelemewa na mawazo, kwa watumishi wetu: mnasihi siku 2 kwa mwezi kwa miezi 10, malipo yake 200,000 kwa siku, na chumba cha kupanga 80,000 kwa mwezi. Tuliitisha mkutano wa dharura ili mridhie. Akidi ni 21, walikuja 9. Nilisubiri hadi saa saba mchana mbele ya viti vitupu vya kukodi. Ambaye hakuja siku ile asiniambie leo kwamba hakushirikishwa.

Kwa nini niling'ang'ania? Shuleni kwangu yupo mwalimu wa hisabati, hodari kweli, ambaye mwaka jana alianza kuchelewa. Nilimpa barua ya onyo. Mlinzi ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia mwalimu anafika saa kumi na mbili na nusu, kisha anabaki ndani ya bajaji nje ya geti, mkoba wa madaftari kaupakata, anashindwa kushuka. Alishamwona hivyo mara tatu. Mimi nilikuwa naangalia saini tu kwenye kitabu cha mahudhurio. Nilipomwita bila barua mkononi, alisema ana miezi minne hapati usingizi. Madaftari 118 kila siku, kambi ya Jumamosi, na saa nne usiku ujumbe wangu mwenyewe kwenye kundi la WhatsApp nikidai matokeo. Barua niliifuta, nikamwomba radhi.

Ndiyo maana nasema mnasihi peke yake hatoshi. Huwezi kumwelekeza mtu kwa mnasihi huku mshahara wake umeukalia wiki tatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili, zilizobaki kwa nusu. Mwalimu mwenye cheti cha daktari cha sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ni mgonjwa sawasawa na mwenye malaria. Bado wapo kati yetu wanaomwita mvivu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka duniani kwa sonona na wasiwasi. Sehemu ya siku hizo ni vipindi visivyo na mwalimu kwenye madarasa yetu.

Miezi miwili ya kwanza walikwenda watu watatu tu, kwa kuwa chumba kilikuwa jengo moja na ofisi ya Umoja. Niliagiza kihamishiwe nyuma ya duka la dawa, ambako mtu akiingia haulizwi anafuata nini. Watu wakaanza kuja. Hadi Novemba wamefika watumishi 38, vikao 112, wakiwemo wapishi, matroni na madereva.

Baadhi yenu mmedai majina yao, mkisema "sisi ndio tunaolipa". Majina sina, na hata ningekuwa nayo nisingeyatoa. Mnasihi hunipa idadi tu, na ndivyo nilivyomwomba tangu mwanzo. Siku orodha hiyo ikifika mezani kwa mmiliki mmoja, chumba kile hakitaingia mtu tena. Kwa hili niko tayari kupigiwa kura ya kutokuwa na imani.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia wakuu wa shule wapate mafunzo ya kumtambua mtumishi aliyelemewa, kambi za Jumamosi zipunguzwe, na ujumbe wa kazi ukome saa kumi na mbili jioni. Safari ya Zanzibar nayo tutaiangalia hali ikiruhusu.

Leo ukumbini nahesabu wanachama 23, na wanaodaiwa wengi hawapo. Mkataba wa mnasihi unaisha Desemba na chumba kimelipiwa hadi mwezi huo huo. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti